Afya ya Jamaa: Masikio yanapokataa kushuka majini



Mwezi huu tunawaandikia zaidi ninyi vijana munaokaa karibu na maji: ninyi wa Kalemie na Moba ku Ziwa Tanganyika, ninyi wa Kolwezi munaoenda kuogelea ku Ziwa Nzilo, na ninyi wa upande wa Mwadingusha, ambako barage ilifanya Ziwa Tshangalele toka mwaka 1930. Wazazi wasome pia. Mutoto akirudi nyumbani na maumivu ya sikio, mara mingi hasemi yalitoka wapi.

Jambo lenyewe munalijua. Munashindana kuzamia: nani atafika chini na kuleta jiwe mukononi? Mumoja anavuta pumzi, anashuka kichwa mbele. Akifika metre mbili ao tatu, sikio linaanza kuuma sawa vile mutu anachoma sindano ndani. Anarudi juu. Wenzake wanamucheka: "Weye njo muoga! Bengine bote banafika chini, weye tu njo unarudia mu njia!" Basi anashuka tena, anauma meno, anajikaza. Na siku ile ile sikio lake linapasuka.

Tuseme wazi: maumivu yale hayapimi uhodari wa mutu. Askari ataumwa, mucheza boksi ataumwa, na mutoto wa miaka minane ambaye anajua kufungua masikio yake atawapita wote akishuka pole pole. Kwa hiyo, kabla ya kumucheka mwenzako, ujue kwanza ni kitu gani kinatendeka ndani ya kichwa chake.

Sikio lina ngozi nyembamba sana ndani, tunaiita ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho hakina mulango wa nje. Kina njia moja tu, mufereji mwembamba unaotelemuka mupaka nyuma ya pua, karibu na koo. Munganga mumoja wa Italia, Bartolomeo Eustachi, ndiye aliandika vizuri habari ya mufereji huo katika miaka ya 1500, na mupaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwa kawaida mufereji umefungwa. Unafunguka kidogo tu wakati unapomeza mate ao unapopiga mwayo. Ule mulio "tak" unaosikia ndani ya sikio wakati wa kumeza, ndio mulango wenyewe.

Sasa shuka majini. Maji ni mazito, yanasukuma ngoma kutoka inje. Hewa ya chumba cha ndani inabanwa, inakuwa ndogo, na ngoma inavutwa kuingia ndani. Kama haukuongeza hewa katika chumba kile kwa njia ya mufereji, ngoma inavutika, inauma, mishipa midogo inatoa damu, mwishowe inapasuka. Kuna watu waliopasuka ngoma katika maji ambayo hayapiti urefu wa nyumba.

Juu ya nini shida inaanza mapema hivi, karibu na juu? Ni hesabu rahisi. Kule baharini, hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu inasukuma sawa na metre 10 za maji. Mutu akishuka metre 10, musukumo umeongezeka mara mbili, na hewa ya ndani ya sikio imebaki nusu. Ili ipungue tena nusu, anapaswa kufika metre 30. Munaona? Metre za kwanza ndizo zinabadilisha mambo sana. Na sisi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi tunakaa juu, metre zaidi ya 1.200 kupita bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Kwetu metre karibu 9 zinatosha kuleta ile nusu. Maji yetu hayana huruma zaidi ya yale ya bahari.

Baba zenu waliofanya kazi ndani ya mashimo wanafahamu habari hii bila kuingia majini. Ku Kipushi kuna shimo la lifti linaloshuka metre zaidi ya 1.200. Lifti ikitelemuka mbio, masikio yanaziba, na wafanyakazi wa zamani wanameza mate bila kufikiri, sawa vile mutu anafumba macho upepo ukipita. Lakini angalieni tofauti. Kilometre nzima ya hewa ndani ya shimo inaongeza musukumo karibu sawa na metre 1 tu ya maji. Kijana anayeruka ndani ya ziwa na kufika metre mbili kwa sekunde mbili, masikio yake yamepata mara mbili ya yale baba yake alipata kwa safari ya dakika kadhaa chini ya udongo! Hapo kumeza mate mara moja hakutoshi.

Basi tufanye namna gani?

Njia inayojulikana sana ni kubana pua kwa vidole viwili, kufunga mudomo, na kupuliza pole pole kupitia pua iliyofungwa. Hewa haipati njia ya kutoka, inaingia katika mifereji, masikio yanafunguka. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Antonio Valsalva, munganga wa Bologna aliyeandika kitabu juu ya sikio mwaka 1704. Inafaa kujua kwamba yeye hakuwa anafikiri wazamiaji. Alitaka kutoa usaha ndani ya sikio la mugonjwa. Hewa iliposukumwa, usaha ulitoka inje kwa kupitia tundu la ngoma. Kama ukipuliza hivyo na ukasikia hewa inapiga filimbi katika sikio lako, ujue ngoma yako ina tundu, na usiingie majini kabla ya kuonana na munganga.

Njia ya Valsalva ni nzuri mutu akiwa wima. Mutu akishuka kichwa chini inakuwa ngumu, kwa maana kifua kinapaswa kusukuma hewa kinyume, na kifua chenyewe kinabanwa na maji. Na tena ina hatari: wengi wakiona sikio linakataa wanapuliza kwa nguvu zote, mupaka uso unakuwa mwekundu. Hapana kufanya hivyo hata siku moja. Nguvu hiyo inaweza kuumiza sikio la ndani kabisa, lile linalosikia na linalotufanya tusimame bila kuyumba. Ngoma iliyopasuka mara mingi inapona. Sikio la ndani likiharibika, mutu anaweza kubaki kiziwi wa upande ule maisha yote.

Njia ya pili ndiyo wazamiaji wa kweli wanatumia. Iligunduliwa na munganga wa Ujerumani, Hermann Frenzel, kwa ajili ya marubani wa ndege zilizotelemuka mbio sana kutoka juu. Rubani mikono yake iko kazini na kifua chake kinabanwa, kwa hiyo alihitaji kufungua masikio bila kutumia kifua. Jifunze hivi, ukikaa nyumbani mbele ya kioo. Bana pua. Funga koo, sawa vile unafanya ukiinua muzigo mzito. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kama mutu anataka kusema "t". Kiisha inua sehemu ya nyuma ya ulimi kama mutu anataka kusema "k". Ulimi unakuwa sawa na pompe ndogo, unasukuma hewa ya kinywani kwenda nyuma ya pua. Angalia kioo: ukifanya vizuri, kile kifupa cha mbele ya koo kinapanda, mapua yanavimba kidogo chini ya vidole, na masikio yanapiga "tak". Kifua na tumbo vinabaki kimya. Kama tumbo linacheza, umerudia njia ya Valsalva.

Watu wengine wanaipata siku ya kwanza, wengine wanahitaji majuma. Usikate tamaa. Fanya mara mingi ukiwa umekaa bure, ukingoja basi ao ukichunga sufuria ya bukari. Ni mazoezi yasiyolipisha hata franka moja.

Kuna na njia ya tatu, kubana pua na kumeza mate, ya Joseph Toynbee, munganga wa masikio wa London. Kwa wengine inasaidia, lakini chini ya maji si rahisi kumeza.

Sasa tuende ku maji. Jambo la kwanza, na kama ukisahau yote mengine shika hili: fungua masikio kabla hayajaanza kuuma. Fungua mara moja ukiwa bado juu, mara tena kichwa kinapoingia, kiisha kila unapoteremuka nusu metre ao chini ya hapo. Ukingoja maumivu umechelewa, kwa sababu musukumo wa inje unakuwa umeufunga mufereji kabisa, sawa mulango uliowekewa muzigo nyuma. Hapo hata ukipuliza namna gani, haufunguki. Dawa yake ni moja: panda metre moja ao mbili, mulango utalegea, ufungue, ushuke tena polepole. Kama linakataa mara ya pili, toka majini. Siku hiyo imekwisha.

Jambo jingine: wanaoanza washuke miguu chini, wakishika kamba iliyofungwa jiwe. Ukiwa wima hewa inapanda yenyewe upande wa masikio. Kamba inakufanya usiende mbio, na unaweza kusimama fasi unayotaka. Ukishuka kichwa mbele, usiinue kidevu ili kutazama chini. Shingo ikinyooka mbele, mifereji inavutika na kujifunga. Tazama kamba iliyo mbele ya uso wako. Na kama sikio moja linakuwa bishi kuliko lingine, inamisha kichwa ili lile bishi liangalie juu.

Mutu mwenye mafua asizamie. Hapa hatuna mazungumzo. Mufereji unavimba pamoja na pua. Wengine wanatia dawa ya pua na kushuka; dawa ikimalizika nguvu wakiwa chini, hewa iliyoingia inakosa njia ya kutoka wakipanda, na maumivu ya kupanda ni mabaya zaidi, maana huwezi kubaki chini kungoja. Vilevile tusizibe masikio kwa pamba yenye mafuta ao kwa kipande cha mpira. Kizibo kinaweza kusukumwa ndani mupaka ku ngoma. Na ile miwani midogo ya kuogelea, inayofunika macho tu, ni ya juu ya maji. Ukizamia nayo huwezi kuiongezea hewa, inavuta macho mupaka yanakuwa mekundu kwa damu. Miwani ya kuzamia inafunika na pua.

Tunajua kuna kijana atakayesema: "Lakini bazamiaji ba zamani bote banapasula masikio, kiisha haiumi tena." Ni kweli kuna watu waliofanya hivyo. Kule Indonesia na Philippines kuna kabila la Bajau, watu wa bahari, ambao wengi wao walipasua ngoma zao wakiwa watoto ili kuzamia bila maumivu. Na mwaka 1913, karibu na kisiwa cha Karpathos, mashua ya vita ya Italia jina lake Regina Margherita ilipoteza nanga. Mugriki mumoja, mutafuta sponji aliyeitwa Haggi Statti, alishuka kwa pumzi yake tu, metre zaidi ya 70, akaikuta. Waganga wa mashua walimupima wakashangaa: ngoma moja haikuwako tena, na ya pili ilikuwa na tundu.

Hadithi nzuri, sivyo? Lakini uliza bei yake. Wazee wengi wa Bajau hawasikii vizuri. Sikio lenye tundu linapokea kila uchafu wa maji, na maji yetu ya mito na maziwa si safi. Usaha unaanza, unarudi kila mvua, na kusikia kunapungua kidogo kidogo. Mutoto wa shule asiyesikia mwalimu anaitwa mupumbafu bure. Kijana anayetaka kazi ku kampuni ya mini, mara mingi munganga atamupima masikio kabla ya kumuandika. Na hata akiandikwa, fikiri mutu asiyesikia king'ora kabla ya mine kupasuliwa, ao kamyo kubwa inayorudi nyuma yake.

Kuna mufano mwingine tunaoupenda zaidi. Ku kisiwa cha Jeju, Korea ya Kusini, wako wanawake wanaozamia kutafuta makonokono na mimea ya bahari. Wanaitwa haenyeo, na wengi ni mabibi wazee kabisa. Wanashuka mupaka metre 10 hivi, wakishika pumzi karibu dakika moja, wanapanda, wanashuka tena, masaa mengi kwa siku. Mwaka 2016 UNESCO iliandika kazi yao kati ya mali ya utamaduni ya dunia nzima. Wamegawanyika katika vikundi vitatu kwa kadiri ya ujuzi: hagun wanaoanza, junggun wa katikati, na sanggun waliokomaa, ambao wanaongoza wengine. Kule mutoto wa kike hachekwi kwa kubaki fasi ya maji mafupi. Ndiyo fasi yake mupaka ajue. Tungependa na vijana wetu wa Nzilo wawe na desturi hiyo, kuliko ile ya kupigiana kelele ku pembeni ya maji.

Tugeukie hatari ambayo watu hawaizungumuzi. Ngoma ikipasuka chini ya maji, maumivu yanaisha mara moja, na mutu anafikiri amepona. Palepale maji baridi yanaingia ndani, na kichwa kinaanza kuzunguka. Mutu hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi. Anaogelea kwa nguvu zote, na labda anaelekea matopeni. Watu wanakufa hivyo. Kama jambo hilo linakupata, shika kamba kwa mikono yote miwili na uifuate kupanda. Kama hakuna kamba, toa mapovu kidogo uyafuate yanakokwenda. Kizunguzungu kile kwa kawaida kinapungua kiisha muda mufupi, maji ya ndani yakipata joto la mwili.

Kwa hiyo hakuna kuzamia peke yako. Muwe wawili: mumoja anashuka, mwingine anabaki juu, macho yake ku mwenzake, hachezi. Na tena musivute pumzi mbio mbio mara mingi kabla ya kushuka, mukifikiri munajaza hewa. Hamuongezi hewa, munaondoa tu ile alama ya mwili inayosema "panda sasa", na mutu anazimia bila kuonywa, mara mingi akiwa karibu kutoka.

Na kama mutu mukubwa anakuahidia franka ili ushuke kutafuta pompe ao kipande cha chuma kilichoanguka ndani ya shimo lililojaa maji, kataa. Maji ya shimo ni meusi, kando zake zinaporomoka, na huwezi kufungua masikio pole pole huku unapapasa gizani. Wazazi, mukisikia kazi ya namna hiyo inatolewa kwa watoto wa kartie, musinyamaze.

Sasa ninyi mama na baba mulio nyumbani. Mutoto anarudi kutoka ziwani, anashika sikio, ao muto wake una damu asubuhi. Hapana kumutia mafuta ya moto, hapana maji ya majani, hapana maziwa ya mama, hapana unyoya wa kuku. Joseph Toynbee, yule tuliyemutaja, alikuwa bingwa wa masikio, na mwaka 1866 alikufa akijijaribu mwenyewe dawa za kuvuta kwa ajili ya mulio wa masikio. Kama bingwa aliumia, sisi tufanye nini na chupa zetu? Ngoma yenye tundu inaachilia kila kitu kipite mupaka ndani. Acha sikio likauke. Wakati wa kuoga weka pamba yenye vaselini pale mulangoni tu, bila kusukuma. Mutoto asipulize pua kwa nguvu. Mupeleke kwa munganga ao ku dispansere, atazame ndani kwa taa yake. Tundu dogo mara mingi linajifunga lenyewe kiisha majuma kadhaa, lakini lisipate maji, na mutoto asirudi kuzamia mupaka munganga amwangalie tena na kusema limefunga.

Ila kama mutoto anasema hasikii kabisa upande mumoja, ao nyumba inazunguka na anatapika, ao sikio linapiga kelele bila kuacha, usingoje kesho. Hiyo inaweza kuwa shida ya sikio la ndani. Mulaze kichwa kikiwa juu ya mito, asibebe kitu kizito, asijikaze hata chooni, na mumupeleke ku hospitali siku hiyo hiyo. Mukifika, mwambieni munganga kama mutoto alikuwa anazamia, na alifika chini kiasi gani. Akificha kwa kuogopa fimbo, munganga atamupa dawa ya maleria.